Geji Hulika Upande wa Chini

Barabara inayotoka Masasi kwenda Newala huanza kwa upole, ikipita kati ya mikorosho na vile vilima vya mawe vinavyosimama kimoja kimoja. Kisha ardhi huinuka ghafla, na gari huanza kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde. Hapo dereva wa gari la zamani huacha kuitazama geji ya mafuta. Si uzembe. Anajua kwamba pua ya gari ikielekea juu, mafuta hukimbilia nyuma ya tanki, na mshale uliosoma nusu kule chini huweza kusoma robo, au hata robo tatu, kutegemea boya limefungwa upande gani. Abiria wa kiti cha mbele huuona mshale unavyoshuka, akashtuka. Dereva humjibu bila kugeuza shingo: "Hiyo ukiisikiliza hutafika."

Jibu hilo lina swali zito ndani yake. Shahidi tunayejua kwamba hukosea, tumfanye nini? Tumfukuze barazani, tumsikilize nusu, au tumwamini tu kwa kuwa hatuna mwingine? Watu wa dini wamelizunguka swali hilo kwa karne nyingi wakizungumzia dhamiri, ile geji ya kifuani inayomwambia mtu amebakiwa na kiasi gani cha uadilifu. Huku kusini, ambako msikiti na kanisa hutazamana kijiji baada ya kijiji, swali hilo si la vitabuni tu.

Chombo chenyewe si cha ajabu. Ndani ya tanki kuna boya lililoshikwa na mkono mwembamba. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono huteleza juu ya waya uliosukwa ili kuupunguza au kuuongeza umeme. Umeme huo husafiri hadi kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya zamani hufika kwenye kibati cha metali mbili zilizogandamana. Kibati hupata joto, hupinda, na kuusukuma mshale. Kwa sababu joto huja polepole, mshale hauchezi kila gari linapoingia shimoni. Kwa hiyo dereva haoni mafuta. Anaona habari ya joto kuhusu umeme, habari ya umeme kuhusu waya, habari ya waya kuhusu boya. Boya peke yake ndilo lililogusa petroli.

Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa Tus, Uajemi, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia jinsi alivyofikia kuyashuku macho yake mwenyewe: jicho huiona nyota ikiwa ndogo kama sarafu, na hesabu za wanajimu huja kumwonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Shaka hiyo ilimuumiza karibu miezi miwili. Mwishowe hakuyaacha macho wala akili. Aliendelea kuvitumia, na akasema kwamba utulivu wake ulirudishwa na nuru ya Mungu, si kwa hoja aliyoipanga mwenyewe. Inafaa kulikumbuka jambo hilo kila mtu anaposema kwamba chombo kilichokosea mara moja hakina kazi tena.

Lakini ugonjwa wa geji ya gari kuukuu hauishii kwenye mlima. Mkono wa boya huusugua ule waya kila siku, na waya hulika zaidi pale unaposuguliwa zaidi. Gari la mwenye fedha hujazwa mpaka shingoni, likashuka hadi nusu, likajazwa tena. Mkono wake hutembea kotekote. Gari la kijijini hununuliwa lita mbili, lita tatu, mara nyingine kutoka kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza kando ya barabara. Tanki lake huenda likawa la lita 45 au 50, lakini maisha yake yote yamepita katika robo ya chini. Hapo ndipo waya husagika, na mshale ukaanza kurukaruka au kuganda. Lijaze tanki hilo siku moja mpaka juu, geji itasema kweli. Uongo wake umebaki mahali pale pale ambapo mwenye gari anauhitaji ukweli.

Dhamiri nayo huzeeka hivyo. Mchukue mtu wa hizi hizi wilaya za korosho, mtu asiyeweza kumwibia jirani hata kuku. Njaa ikiingia kabla ya msimu, mjane humjia na korosho ambazo bado ziko mtini, naye huzinunua kwa kangomba, ule ununuzi wa nje ya soko rasmi, kwa bei ambayo yeye mwenyewe angeikataa mchana kweupe. Mwaka wa kwanza hulala vibaya. Mwaka wa pili humpelekea mjane chumvi na sabuni ili moyo utulie. Mwaka wa tano hasikii kitu, na ukimuuliza atakuambia, kwa unyoofu kabisa, kwamba dhamiri yake ni safi. Kwa kuku na mbuzi bado inasoma sawasawa. Imelika pale tu alipoisugua kila msimu.

Mtume Paulo aliliona jambo hili alipowaandikia Wakorintho: dhamiri yake haikumshtaki, lakini yeye hakuuchukua ukimya huo kuwa hukumu ya kumwachilia. Ni kauli inayotisha ukiitafakari. Wengi wetu tunauchukua ukimya wa moyo kuwa ni ishara ya tanki lililojaa, na huenda ni waya uliokatika.

Je, si bora basi kuing'oa geji? Yako magari yaliyozaliwa bila hiyo. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1908, ilikuwa na tanki chini ya kiti, na mwenye gari alipima kwa kijiti. Mafuta yake yalishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, hivyo yakipungua na mlima ukiwa mkali, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume ili tanki liwe juu ya injini. Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne kati ya 1953 na 1962, kwa miaka mingi halikuwa na geji kabisa. Lilikuwa na kikoki cha akiba karibu na miguu ya dereva. Gari likianza kukohoa, alikigeuza kwa kidole cha mguu na kupata lita chache za kumfikisha. Pikipiki nyingi za bodaboda bado zina koki ya namna hiyo. Dereva wake hujua kwa hakika jambo moja tu, nalo hulijua kwa kuchelewa: kwamba mafuta ya kawaida yamekwisha na sasa anakula akiba. Tena akisahau kuirudisha koki mahali pake baada ya kununua mafuta, safari ijayo hakutakuwa na akiba ya kumwokoa.

Juu ya uwanda wa Makonde, kupima kisichoonekana ni elimu ya jikoni. Udongo wa kule ni wa kichanga, humeza mvua yote, na chemchemi zimejificha chini kwenye miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka ukingo alfajiri na kupanda na maji kichwani. Kwenye nyumba ya namna hiyo hakuna anayekisia mtungi una kiasi gani. Kata huingizwa, na mlio wake ikigusa chini hutosha. Palipo na pipa au tanki la maji ya mvua, mtu hulibisha kwa vifundo vya vidole kuanzia juu: penye utupu hulia, penye maji huwa bubu.

Elimu hiyo imewahi kuokoa vifua vya watu. Mwaka 1761 daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alichapisha kitabu kidogo kuhusu kugonga kifua cha mgonjwa ili kusikia penye hewa na penye maji; inasimuliwa kwamba aliwahi kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa nyumbani kwao ili kujua kilichobaki. Daktari Leader Stirling alipofika Lulindi, wilayani Masasi, mwaka 1935, akitumwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, alikuta hospitali ya vijijini isiyo na mashine kubwa. Daktari wa mahali kama pale alitegemea vidole na masikio yake. Stirling alikuja kuwa mbunge, na baadaye Waziri wa Afya wa Tanzania, lakini kazi yake ilianzia hapo, kwenye vyumba ambamo ndani ya mtu kulisomwa kutokea nje.

Kwa hiyo dawa ya shahidi mbovu ni kumtafutia shahidi wa pili. Torati inadai mashahidi wawili au watatu, na sheria ya Kiislamu nayo huwataka wawili katika mambo mengi. Tatizo ni kwamba wawili wanaweza kuwa mmoja. Land Rover nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na kidude kidogo nyuma ya dashibodi cha kutuliza umeme, kikihudumia geji ya mafuta na geji ya joto kwa pamoja. Kidude hicho kikiharibika, mishale yote miwili huweza kupanda: tanki limejaa na injini inachemka. Dereva mgeni atasema geji mbili haziwezi kukosea wakati mmoja. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wangemwelewa fundi anayecheka hapo, kwa kuwa kazi yao ni kufuatilia kama njia nyingi za habari hazikutokea kwa msimulizi mmoja tu. Mnunuzi wa kangomba akiulizia dhamiri yake kwa wanunuzi wenzake, atapata mashahidi kumi, wote wakila umeme kutoka kidude kimoja.

Na lipo kosa baya zaidi. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege ya shirika la Tuninter, aina ya ATR 72, iliondoka Bari nchini Italia kwenda Djerba. Siku moja kabla, mafundi walikuwa wamebadilisha kipimo cha mafuta, wakafunga cha ATR 42, ndugu yake mdogo. Kipimo kilikuwa kizima, ila kilitengenezwa kwa tanki la ndege nyingine, na kiliwaonyesha marubani mafuta mengi ambayo hayakuwepo. Injini zote mbili zilizimika angani, ndege ikaangukia baharini karibu na Palermo, na watu 16 kati ya 39 wakafa. Anayetaka kuiondoa dhamiri yake iliyolika na kufunga mpya, iliyosifiwa na kuja imekamilika kutoka kwa watu wa hali nyingine kabisa, angepaswa kuisoma taarifa ya ajali hiyo polepole.

Hapa ndipo imani huingia, na huingia kwa mlango usiofaa. Gari la wagonjwa likiwa na mama mwenye uchungu nyuma, mshale ukiwa umeganda kwenye E na usiku umeingia, kusema "Mungu atatufikisha" kunasikika kama uchaji. Mtu akiwa peke yake, labda ni shauri lake na Mola wake. Akiwa amebeba mwingine, anacheza kwa uhai usio wake, na Injili ina jina la jambo hilo: kumjaribu Mungu. Yesu mwenyewe alilikataa alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu. Mtume Muhammad naye, alipoulizwa na mwenye ngamia, alimtaka amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Na wale wanawali kumi wa Mathayo, Kiswahili kimewatendea haki kuliko lugha nyingi, maana neno ni lile lile: watano waliishiwa mafuta. Kusinzia walisinzia wote kumi. Watano wengine walikuwa wamebeba chombo cha pili.

Chombo cha pili cha dereva wa gari la hospitali au la serikali ni kitabu cha safari, ambacho wengi hukiona kero ya ofisi. Ndani yake huandikwa kilomita za kuondoka, kilomita za kufika, lita zilizotiwa. Kitabu hicho hakina waya wowote unaoingia kwenye tanki, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ghazali aliandika sehemu nzima ya kitabu chake kikubwa juu ya kazi ya namna hiyo, muhasaba, mtu kuifanyia nafsi yake hesabu kama mfanyabiashara na mshirika asiyemwamini sana. Masasi, dayosisi ya Kianglikana iliyolelewa na UMCA, ilirithi desturi ya kitubio mbele ya padri: kuisoma hesabu kwa sauti, mbele ya sikio lisilo lako.

Dereva aliyezoea gari lake hafanyi makuu. Kabla ya kutoka Lulindi hulitikisa gari kwa bega na kusikiliza mafuta yanavyochapa tanki. Pale mdomo wa tanki unaporuhusu huchovya kijiti na kukimulika kwa tochi. Hutazama mshale pia, kwa kuwa siku utakapobadili tabia atataka kujua. Kisha hufungua kitabu juu ya usukani, huhesabu kilomita tangu alipojaza mara ya mwisho, na kama hesabu na kijiti havikubaliani, mama akiwa bado anapandishwa nyuma na ndugu zake, humtuma kijana akimbie mezani penye chupa.