Deni la Mwongozaji: Ukweli na Utu katika Filamu za Makala

Binadamu huyaamini macho yake kuliko masikio yake. Habari ikisimuliwa kwa mdomo, msikilizaji huuliza imetoka kwa nani, na kama msimulizi ni mtu wa kuaminika. Lakini habari hiyo hiyo ikionyeshwa kwa picha zinazotembea, maswali hayo aghalabu husahaulika, kwa kuwa mtazamaji hujiona kama kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kwa sababu hiyo filamu ya makala, yaani ile inayoonyesha watu wa kweli, mahali pa kweli na matukio ya kweli, imepewa na jamii imani ambayo mchezo wa kuigiza haukupewa. Imani hiyo ni amana, na kila amana huzaa deni. Katika insha hii tunakusudia kujadili deni hilo ni la nani, anayelidai ni nani, na hulipwa kwa namna gani.

Wako wanaodhani kwamba kamera haiwezi kusema uongo, kwa kuwa hunasa kile tu kilicho mbele yake. Dhana hiyo ina upungufu mkubwa. Kamera haiendi mahali yenyewe, hupelekwa. Mwongozaji ndiye anayeamua isimame upande gani, ianze kupiga picha wakati gani, na ni nani wa kuhojiwa na nani wa kuachwa. Baadaye huingia katika chumba cha uhariri, akaitupa sehemu kubwa ya picha alizopiga, na kuzipanga zilizobaki kwa utaratibu autakao. Katika kupanga huku ndiko kuliko na uzito. Ukiweka picha ya ndege inayoruka, na mara baada yake picha ya mtoto mwenye njaa, umelitamka neno "kwa sababu" bila ya kufungua kinywa. Mtazamaji atayaunganisha mambo hayo mawili, na kwa kuwa ameyaunganisha mwenyewe, atayaamini zaidi kuliko kama angeambiwa.

Hata hivyo, kuchagua si dhambi. Asiyechagua hawezi kusimulia chochote. John Grierson, Mskoti aliyewaongoza watengenezaji wa filamu za makala wa Uingereza tangu mwisho wa miaka ya 1920, alifundisha kwamba kazi hiyo ni ya ubunifu unaofinyanga mambo halisi. Mfinyanzi haumbi udongo, lakini chungu ni chake, na kikivuja yeye ndiye wa kuulizwa.

Deni tunalolizungumzia halilingani katika vipindi vyote. Televisheni ina vipindi vya namna nyingi ambavyo si hadithi za kubuni, na kila aina ina ahadi yake. Taarifa ya habari huahidi kwamba jambo limetokea, na limetokea kama lilivyoelezwa. Mahojiano huahidi kwamba maneno ya mtu hayatakatwa hata yakageuka maana. Kipindi cha mafunzo huahidi kwamba maarifa yake yamehakikiwa. Kipindi cha historia, ambacho mara nyingine huwatumia waigizaji kuonyesha mambo ya kale, huahidi kumjulisha mtazamaji palipoigizwa. Kipindi cha wanyama huahidi kwamba simba aonekanaye akiwinda aliwinda kweli. Viko pia vipindi viitwavyo vya maisha halisi, kama ilivyokuwa Big Brother Africa iliyoanza mwaka 2003, ambamo watu walifungiwa katika nyumba moja ili watazamwe na umma. Humo uhalisi wenyewe umeundwa kwa ajili ya shindano. Kosa la kimaadili huanza pale ahadi ya kipindi cha aina moja inapotumiwa kuuza kipindi cha aina nyingine, mchezo ukavishwa nguo za habari.

Mfano mashuhuri wa mkanganyiko huo ni wa Mmarekani Robert Flaherty. Mwaka 1922 alitoa filamu iitwayo Nanook of the North, juu ya maisha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, kando ya Ghuba ya Hudson. Watazamaji walimpenda sana huyo Nanook, mwindaji hodari na baba mchangamfu. Lakini jina halisi la mtu huyo lilikuwa Allakariallak, na mwanamke aliyeonyeshwa kuwa mkewe hakuwa mkewe. Wainuit wa wakati ule walikwisha kuzoea bunduki, ila kwa ajili ya filamu waliwinda kwa chusa kama babu zao. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu, upande mmoja ukaachwa wazi, ili kamera ipate mwanga wa kutosha.

Yafaa tumtendee haki Flaherty. Baridi ile ilikuwa ya kweli, na hatari ya uwindaji ilikuwa ya kweli. Wainuit walimsaidia katika kazi, na picha alizozipiga aliwaonyesha palepale. Kwa hiyo kwa wale aliowapiga picha alilipa sehemu ya deni lake. Asiyelipwa ni mtazamaji, aliyeaminishwa kwamba anaiona leo kumbe anaonyeshwa juzi. Matokeo yake si madogo. Watu waliokuwa wakiishi katika karne ya 20 kama watu wengine, wakiuza ngozi na kununua bidhaa, waligandishwa katika ukale, na ulimwengu ukapenda wabaki huko.

Sisi Waafrika twaijua vyema hali hiyo ya kugandishwa, kwa kuwa kamera iliingia kwetu ikiwa mikononi mwa wengine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilipatikana filamu zipatazo 35, zikiwamo za kilimo, magonjwa, kodi na kuweka akiba posta. Walioonekana humo ni Waafrika, na maelezo yalitolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Lakini kuamua nini kifundishwe, na kwa faida ya nani, hakukuwa juu yao.

Tofauti na hizo, filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, iliyotolewa mwaka 1959, ilikusudiwa watazamaji wa nchi za mbali. Mwanawe Michael, aliyeshirikiana naye, alikufa kwa ajali ya ndege kabla ya filamu kutolewa. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, nayo iliwaamsha watu wengi duniani kuwajali wanyama wetu. Kwa hilo inastahili shukrani. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya wanyama haipaswi kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti walitakiwa kuhamia Ngorongoro. Wanyama katika filamu ile ni wa kweli, na uzuri wa nchi ni wa kweli. Hata hivyo sauti inayosimulia ni ya mgeni, na siri ya mtungi aijuaye kata. Filamu yaweza kuwa kweli katika kila picha yake, na bado ikapungukiwa na kweli iliyo nje ya picha.

Mfano uliowagusa Watanzania kwa ukali zaidi ni wa Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria zama za ukoloni, akawamaliza samaki wengi wa asili, kisha akawa biashara kubwa ya minofu inayopelekwa Ulaya. Filamu inawaonyesha marubani wa ndege za mizigo, wanawake wanaotafuta riziki kwa marubani hao, watoto wa mitaani, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikiisha kukatwa, yakianikwa na kukaangwa kuwa kitoweo cha maskini. Inazusha pia swali: ndege zinazokuja kuchukua samaki, huja na nini? Rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka zana za vita Angola. Filamu ilisifiwa sana Ulaya, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu cha kuishambulia. Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi.

Watu wengi waliujadili mgogoro huo kana kwamba swali ni moja tu, kama filamu inatuaibisha au haituaibishi. Swali hilo ni dhaifu. Umaskini ulioonyeshwa haukubuniwa na mwongozaji. Watoto wale walikuwapo kabla ya kamera kufika. Taifa linalojiheshimu halimfukuzi shahidi kwa sababu ushahidi wake unauma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na dawa nyingine ni chungu.

Lakini shahidi naye hana budi kuhojiwa. Katika filamu ile hakuna sanduku la silaha linaloonekana likishushwa Mwanza. Kuna rubani, kuna tetesi, kuna samaki, kuna njaa. Vyote vimepangwa kimoja baada ya kingine, hata mtazamaji wa mbali aweza kutoka akiamini kwamba minofu ya sangara hulipwa kwa bunduki. Lile neno "kwa sababu" limetamkwa na uhariri. Mtetezi wa filamu aweza kusema kwamba swali liliachwa wazi makusudi. Jibu letu ni kwamba swali lililoachwa wazi kwa maneno laweza kufungwa kwa picha, na kwamba anayeshuku ana wajibu wa kusema waziwazi kuwa anashuku. Tena, filamu ilionyeshwa Venice mwaka 2004, na kelele kubwa nchini ikasikika mwaka 2006. Nyuso za watu wa Mwanza zilikwisha kutembea dunia kabla mji wao haujainua sauti kujibu.

Isidhaniwe kwamba deni hili ni la wageni peke yao, wala kwamba linawahusu tu wanaotukosoa. Mwongozaji mwenyeji anayeonyesha kijiji kilichofagiliwa kwa ajili ya mapokezi, wananchi wamevaa nguo za sikukuu na kuitikia majibu waliyofundishwa, naye amemdanganya mtazamaji, na amewanyima wanakijiji nafasi ya kusema yanayowasibu. Sifa ya uongo ni kashfa iliyopakwa asali. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa picha za kujipendekeza, kwa kuwa mtu aliyefichwa maradhi yake hawezi kutibiwa.

Kuna hoja moja nzito ya kuipinga rai yetu, nayo ni ya dharura. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyekulia Dar es Salaam, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, waliionyesha dunia njaa ya Korem nchini Ethiopia. Dunia ilishtuka, ikachanga, na Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid. Je, Amin angetembea kati ya wanaokufa akiwaomba ruhusa mmoja mmoja? Bila shaka hapana. Maisha ya watu hutangulia adabu ya kazi. Lakini dharura hupunguza deni, haiifuti amana. Njaa ile ilitokana na ukame pamoja na vita, na picha ya mwili uliokonda huonyesha tokeo, haionyeshi chanzo. Ikirudiwa miaka na miaka bila maelezo, bila jina la mtu, humfanya mwenye njaa kuwa alama ya njaa, na watu wakasahau kwamba ana kwao, ana kazi na ana historia.

Basi kipimo kiwe nini? Twaweza kukipata kwa Mfaransa Jean Rouch, aliyepiga filamu nyingi Afrika Magharibi. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kama kwamba ni wadudu. Lakini Rouch huyo huyo, pamoja na Edgar Morin, alikuwa amefanya jambo la mafunzo katika filamu yao juu ya watu wa Paris iliyotolewa mwaka 1961. Waliwaita watu waliowapiga picha, wakawaonyesha, wakawaacha wabishane. Wengine walisema picha ni za kweli, wengine wakasema si za kweli. Na mabishano hayo yakatiwa ndani ya filamu yenyewe. Hapo mtazamaji aliambiwa kwamba anachokiona ni kazi ya mikono, na waliopigwa picha walirudishiwa neno.

Kwa hiyo twasema kwamba deni la mwongozaji lina wadai wawili. Mtazamaji anadai asidanganywe juu ya aina ya kitu anachokitazama. Anayepigwa picha anadai abaki mtu, mwenye jina na sauti, wala asifanywe chombo cha hoja ya mwingine. Kipimo cha madeni yote mawili ni kimoja: je, mwongozaji aweza kuketi pamoja na watu aliowapiga picha, akaitazama filamu yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kueleza kila alichokiunganisha? Huenda wasipende walichokiona, na mla rushwa aliyefichuliwa hatapenda kamwe. Kupendwa si sharti. Sharti ni kuweza kujibu.

Jambo hili si la mafundi wa televisheni peke yao tena. Leo mwanafunzi mwenye simu ana kamera mfukoni, na kwa dakika chache aweza kumpeleka mwenziwe mbele ya macho ya maelfu. Mwalimu na awazoeze wanafunzi wake kuitazama filamu ya makala mara mbili, mara ya pili sauti ikiwa imezimwa, wakiuliza: ni nani anayezungumza, ni nani asiyepewa nafasi, na ni wapi neno "kwa sababu" limetamkwa bila ushahidi? Kisha wanafunzi wenyewe wampige picha mhunzi au mfinyanzi wa kijijini kwao, na kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona kazi hiyo, wamwonyeshe yeye. Akisema, "Hapa hamkunielewa," basi somo ndilo linaanza.