Ushindi wa Kupewa

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni la kweli, walakini laacha swali jingine nyuma yake: je, yule asiyekubali kushinda tumwiteje? Swali hili lilinijia mahali ambapo mtu haendi kutafuta fikira, yaani mbele ya sinema ya kuchekesha.

Sinema yenyewe ni The Great Race, iliyoongozwa na Mmarekani Blake Edwards na kutolewa mwaka 1965. Aliitunuku kwa Laurel na Hardy, mabingwa wa zamani wa mzaha wa vitendo. Ni kisa cha mashindano ya motokaa kutoka New York mpaka Paris, mwanzoni mwa karne ya 20. Tony Curtis ni Leslie, mtanashati wa nguo nyeupe, ambaye kila alitendalo hufaulu. Jack Lemmon ni Profesa Fate, mtu wa nguo nyeusi, masharubu na hila, ambaye kila mtego autegao humnasa mwenyewe.

Watazamaji wana maoni mbalimbali juu yake. Wako wasemao kwamba ni ndefu kupita kiasi, maana yazidi saa mbili na nusu, na mzaha ukirudiwa huchujuka. Wako waipendao kwa wingi wake huo huo, hasa kwa vita vya kurushiana pai, ambamo Leslie hupita katikati ya mvua ya malai, nguo zake nyeupe zisiguswe mpaka mwisho. Kila upande una haki yake. Kwangu mimi, lakini, kiini cha kisa hiki ki katika dakika zake za mwisho.

Leslie yuko mbele, na mnara wa Eiffel umekwisha kuonekana. Hatua chache kabla ya mstari anaisimamisha motokaa yake, ili kumthibitishia Maggie, mwanamke aliye kando yake, kwamba anampenda kuliko ushindi. Fate anapita, anashinda. Saa hiyo ameitamani siku zote. Kwa ajili yake ametega mitego na kuharibu motokaa za wenziwe. Na sasa, ushindi ukiwa mkononi mwake, anaghadhibika kwa kuwa Leslie amemwachia! Anaukataa, anadai mashindano mapya ya kurudi New York.

Mtu asiyeona haya kushinda kwa hila, kwa nini aone haya kushinda kwa hisani? Yamkini msomaji atajibu kwamba ni kiburi tu. Kiburi kipo, walakini mwenye kiburi peke yake angalinyamaza akavaa taji. Fate ajua kwamba hila, ijapokuwa ovu, ni kazi ya mikono yake, na hisani ni kazi ya mikono ya mwingine. Ushindi si kanzu wala shilingi, hata mtu aweze kupewa na mwenziwe. Ushindi ni ushahidi, na ushahidi hauna thamani ila ukisema kweli juu ya yule anayeshuhudiwa.

Hapo alipoona ndipo alipopofuka. Hisani ile ilimwondoa mshindi katika ushindi wake. Hila nayo humwondoa mshindani. Aliyeharibu motokaa ya mwenziwe hakumshinda mwenziwe, ameshinda chuma kibovu. Fate aliiona kasoro ya kwanza, asiione ya pili iliyo ndugu yake. Ndiyo sababu mashindano mapya yaanzapo anamruhusu Leslie atangulie, kisha anamlenga kwa mzinga, na kinachoanguka ni mnara wa Eiffel.

Na Leslie je? Twampenda kwa ukarimu wake. Kwa Maggie alitoa kilicho chake, na kwa hilo hana lawama. Walakini Fate hakuulizwa. Alifanywa chombo cha ukarimu usiomhusu. Hisani isiyomtazama usoni yule inayemwangukia haikosi chembe ya dharau.

Kisa hiki kina asili katika tukio la kweli. Tarehe 12 Februari 1908 motokaa sita ziliondoka New York kwenda Paris. Protos ya Wajerumani ilifika Paris tarehe 26 Julai. Thomas Flyer ya Wamarekani ilifika tarehe 30. Hata hivyo ushindi ulikuwa wa Thomas. Protos ilitozwa siku 15 kwa kuwa sehemu ya njia ilipakiwa katika treni, na Wamarekani walifidiwa siku 15 kwa safari ya Alaska waliyoifanya peke yao. Waamuzi hawakuuliza tu nani amefika. Waliuliza pia amefikaje.

Nayaandika haya kwa sababu kazi yangu ni kutoa alama. Miaka kadhaa iliyopita nilimwongezea mwanafunzi mmoja alama chache ili asianguke mtihani, nikajiona mtu mwema. Alipokuja kuchukua karatasi yake aliihesabu swali baada ya swali, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hizi nyingine nimezipata wapi?" Sikuwa na jibu. Nilidhani nimemwondolea aibu, kumbe nimemnyima haki ya kujua kipimo chake. Huruma aliyoistahili kwangu ilikuwa ya siku za kabla ya mtihani: kuketi naye, kumsahihisha, kumsubiri. Mimi niliileta baada ya mtihani, wakati ambapo haikunigharimu kitu ila wino. Aliomba kurudia, akarudia. Na alama alizozipata safari ile, nyingi au chache, zilikuwa zake.

Tangu siku hiyo siwezi kumcheka Profesa Fate kwa moyo mkunjufu kama zamani. Mjinga yule mwenye masharubu alijua jambo ambalo mimi, mwenye kalamu nyekundu, nilikuwa nimelisahau. Basi na tuukamilishe usemi wa wahenga: asiyekubali kushindwa si mshindani, na anayekubali kushinda bila kushindana si mshindi.