Apolo Alikubali Kufundishwa na Washona Mahema



Kijana mwenzangu, kabla hatujaongea, fungua Matendo ya Mitume sura ya 18, aya ya 24 hadi 28. Ni aya tano tu. Zisome polepole, nakusubiri.

Umesoma? Haya, twende.

Luka anatuonyesha mtu anayeitwa Apolo. Ametoka Aleksandria, mji uliosifika kwa elimu. Anajua kuongea, Maandiko anayafahamu vizuri, na moyo wake unawaka kwa ajili ya Bwana. Kwa maneno yetu ya siku hizi, huyu ana vyeti vizito. Anafika Efeso, anasimama katika sinagogi na kuanza kufundisha. Anachosema juu ya Yesu ni sahihi kabisa, ila kuna kitu kimepungua: ubatizo anaoujua ni ule wa Yohane tu.

Hakuna mahali Luka anaposema kwamba Apolo alijua kuna kitu kinampungukia. Nadhani hakujua. Pengo la mtu ni kama mgongo wake, wengine wanauona kila siku, mwenyewe hauoni. Unaweza kuwa na bidii, ratiba na malengo ya mwaka yaliyobandikwa ukutani, ukaendelea kukimbia na pengo lilelile kwa miaka.

Walioliona pengo la Apolo ni mume na mke, Akula na Priskila. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na msomi wa Aleksandria akakaa chini akawasikiliza mafundi. Baadaye alipovuka kwenda Akaya, aliwafaa sana waamini wa huko. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 3:6, anakiri kwamba mbegu aliyoipanda yeye, Apolo aliimwagilia maji.

Sasa tulete jambo hili hapa kwetu Maretadu. Wengi wetu tumemaliza kidato cha nne, wengine cha sita, wengine wana stashahada kabisa, na tumerudi nyumbani. Ajira bado. Tuna simu, tuna bando la kuungaunga, na kila siku tunasikiliza watu wakituambia tuamke saa kumi usiku, tuwe na nidhamu, tufikirie makubwa. Mimi sisemi ni mabaya. Mengine ni mazuri sana. Lakini jiulize: ni nani kati ya hao anaweza kuja kwenu akakuambia, "Mwanangu, hapa ndipo unapokosea"? Hayupo. Hawakujui. Akula na Priskila walimsikia Apolo kwa masikio yao, wakampeleka nyumbani kwao.

Halafu video inakuonyesha kilele tu. Chukua mfano wa mzee wetu wa hapa Mbulu, John Stephen Akhwari. Karibu kila mtu amewahi kuona ile picha yake ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, akiingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza marathoni ile, yeye alikuwa wa 57. Tunaitazama, tunalia, tunaisambaza. Lakini wangapi wanajua kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, huyohuyo Akhwari alishika nafasi ya tano katika marathoni? Kati ya Mexico na Edinburgh kuna asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyezipiga picha. Goti lilipaswa kupona. Mazoezi yalipaswa kuanza upya. Mtu hukua katika zile asubuhi, na zile asubuhi huwezi kuzijifunza kwa kutazama dakika mbili za video. Unahitaji mtu ambaye unaweza kumwona akifanya kazi Jumanne ya kawaida, isiyo na sherehe.

Na watu hao tunao. Namfahamu mama mmoja hapa anayenunua na kuuza maharage. Shule yake iliishia darasa la saba. Kijana mmoja tunayeimba naye kwaya, mwenye stashahada ya uhasibu, alianza kumsaidia kubeba magunia siku za mnada. Mwanzoni watu walimcheka: "Msomi mzima anabeba maharage ya mama!" Ilimuuma, aliniambia mwenyewe. Lakini alibaki, na akaona mambo. Aliona kwamba mama yule hahesabu mkopo kama faida mpaka pesa iwe mkononi. Aliona hanunui gunia bila kuingiza mkono hadi chini, maana juu panaweza kuwa pakavu na chini pana unyevu. Aliona kwamba kila jioni, hata akiwa amechoka vipi, daftari linaandikwa kabla ya kulala. Uhasibu alikuwa ameusoma. Kwa mama alijifunza kuuishi. Hajapata kazi ya ofisini mpaka leo, nisikudanganye. Ila sasa ana magunia yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyemfundisha mama kupiga hesabu za msimu mzima badala ya siku mojamoja.

Hapo ndipo pananikumbusha desturi ya wazee wetu Wairaqw. Mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani au ndugu yake ng'ombe amtunze. Aliyepokea anamlisha, watoto wake wanakunywa maziwa, na samadi inabaki kwenye shamba lake. Lakini ng'ombe bado ana mwenyewe. Siku ikifika, anarudi.

Ujuzi uko hivyohivyo, ndugu yangu. Uliopewa na wengine unakulisha, unarutubisha shamba lako, lakini si wako peke yako. Aliyeutoa mwanzo ni Mungu, akaupitisha kwa mama, kwa fundi, kwa katekista wa kigango. Ukiufungia ndani, umemnyima mtu mwingine maziwa yake. Angalia mnyororo wenyewe: Paulo aliishi na kufanya kazi pamoja na Akula na Priskila kule Korintho, wao wakamsaidia Apolo kule Efeso, naye Apolo akaenda kuwasaidia watu wa Akaya. Hakuna aliyekula peke yake.

Kinachotuzuia mara nyingi ni aibu. Tunaogopa kwamba tukimuuliza mtu mwenye elimu ndogo, tutaonekana tumeshuka. Lakini tazama Bwana wetu. Neno aliyeumba vyote alikubali kukua Nazareti, katika nyumba ya seremala, na Luka 2:52 inasema alizidi kuongezeka hekima. Kama Yesu hakuona haya kukaa chini ya Yosefu, mimi na wewe tunaona haya ya nini?

Basi wiki hii tufanye mambo matatu, siyo makubwa.

Kwanza, mtafute mtu mmoja wa karibu anayefanya vizuri kitu unachotaka kukijua. Awe fundi pikipiki, mkulima wa vitunguu saumu, mama wa jumuiya, yeyote. Usianze kwa kumpa maswali kumi. Msaidie kazi kwanza, macho yatakufundisha.

Pili, muulize mtu anayekupenda: "Kuna nini kwangu ambacho mimi sikioni?" Akijibu, usijitetee. Sema asante, nenda nacho mbele ya Ekaristi Takatifu, ukapime huko.

Tatu, kitu kimoja ulichojifunza kwa mwingine, kirudishe. Mfundishe mdogo wako, au kijana mwenzako wa VIWAWA.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyejifunza kazi mikononi mwa Yosefu, tuondolee aibu inayotufunga midomo tunapopaswa kuuliza. Utupe macho ya kuwaona walimu uliotuwekea jirani, na masikio ya kuwasikia hata wanapotusahihisha. Na kile ulichotukabidhi, utujalie tukitunze vizuri na kukifikisha kwa wengine. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.