Nani Kafungwa na Hatifungani?

Katika Mtaa wa Eleanor, Troyeville, kuna nyumba ambayo sipiti mbele yake bila kusita. Hapo, tarehe 1 Mei 1989, aliuawa kwa risasi David Webster, mhadhiri wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1998 mahakama ilimtia hatiani Ferdi Barnard, aliyekuwa wakala wa kikosi cha siri cha jeshi. Muuaji tunamjua. Linalonisumbua ni nani aliyegharimia.

Hazina ya serikali hujazwa kwa kodi na kwa mikopo. Mwaka 1985 mabenki ya kigeni yalikataa kuirefushia Afrika Kusini mikopo yake, kwa hofu ya hasara kuliko kwa haya. Wakopeshaji wa ndani walibaki. Tangu 1956 hadi 1989 sheria iliilazimisha mifuko ya pensheni kuweka sehemu ya mali zake katika hatifungani za serikali na za mashirika ya umma. Hivyo akiba ya uzeeni ya mwalimu, muuguzi, hata ya mhadhiri aliyeipinga serikali, iliweza kuikopesha serikali ileile. Je, naye alishiriki dhambi?

Sidhani. Lawama humfuata mwenye hiari na ujuzi; yule hakuwa na hiari, na mara nyingi hakujua.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi ilikuwa ya wengine na matanga ya wengine, kwani serikali ya 1994 ilikubali kulipa madeni ya watesi wake. Wapo walioyaita madeni haramu, nami nawaelewa. Lakini sehemu kubwa ilidaiwa ndani ya nchi, na mifuko ya wastaafu ilikuwamo miongoni mwa wadai. Kutolipa kungemwadhibu aliyelazimishwa.

Leo udhuru huo umepungua. Tangu 2004 raia wa Afrika Kusini aweza kununua hatifungani kwa randi 1,000. Mwaka 2017 Kenya iliziuza kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Anunuaye kwa hiari huuliza riba ni asilimia ngapi. Aulize pia fedha zake zitanunua nini.

Mimi nami hukatwa pensheni kila mwezi. Wiki iliyopita niliwaandikia wadhamini wa mfuko wangu swali hilohilo. Niliona aibu kwamba sikuwahi kuliuliza.