Jicho la Mhudumu Huishia Mlangoni

Mhudumu wa ambulensi anayegeukia utafiti huja chuoni na mambo mengi aliyoyashuhudia. Amekandamiza vifua vya watu sakafuni, amedunga adrenalini, ameona moyo uliosimama ukianza tena kupiga. Ukimwambia kwamba huenda dawa ile haisaidii kama anavyodhani, ataona hukijui kifo. Namwelewa. Lakini je, alichokiona ni ujuzi?

Kati ya 2014 na 2017 wahudumu wa mashirika matano ya ambulensi nchini Uingereza walikubali kulipima jambo hili katika jaribio la PARAMEDIC2, lililoongozwa na Gavin Perkins wa Chuo Kikuu cha Warwick. Wagonjwa 8,014 walipewa ama adrenalini ama maji ya chumvi, na aliyedunga hakujua ameshika ipi. Moyo ulirudi kupiga kwa asilimia 36.3 ya waliopata adrenalini, dhidi ya 11.7 ya wenzao. Kumbe macho hayakudanganya! Ila baada ya siku 30, waliokuwa hai ni asilimia 3.2 kwa 2.4 tu, na miongoni mwa walionusurika hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani, wenye athari kubwa za ubongo walikuwa asilimia 31.0 upande wa adrenalini na 17.8 upande wa maji ya chumvi.

Mhudumu humkabidhi mgonjwa mlangoni mwa hospitali, akaitwa kwingine. Ya wodini hayaoni. Alichokishuhudia ni kweli, ila ni kweli iliyokatwa katikati.

Kwa hiyo naamini kazi nzito ya kumsimamia mwanafunzi wa aina hii si takwimu, hesabu hufundishika. Kazi ni kumfanya auhoji ushuhuda wake bila kuudharau. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini huyu lazima aambiwe. Akileta rasimu inayopima moyo kurudi kupiga, na basi, msimamizi amuulize: mwezi ujao mgonjwa huyu atamtambua mkewe? Ataweza kujilisha? Kisha amwache akahangaike na swali, hata kama jibu analo.

Na asimharibu. Mwanafunzi huyohuyo Jumamosi yuko zamu, na kando ya mtu asiyepumua hakuna nafasi ya kusitasita. Anatakiwa atende kwa uhakika usiku, na asubuhi akihoji kile alichokitenda. Sijui kazi nyingine inayomdai mtu hivyo.

Zaidi ya hayo, mtu aliyezimia haombwi ridhaa. Katika jaribio lile, asiyetaka kushirikishwa aliweza kuomba mapema bangili ya kuvaa mkononi, wengine waliamuliwa. Kabla sijamruhusu mwanafunzi aanze utafiti wa namna hiyo, ningemtaka aketi aeleze kwa lugha ya nyumbani, kana kwamba anazungumza na binti wa marehemu, kwa nini baba yake alidungwa maji ya chumvi.