Nani Huifanya Kola Iwe Nyeupe?

Tunapomsifu mtu kwamba amepata kazi ya ofisini, tunasifu nini hasa? Mshahara? Fundi bomba hodari huweza kumzidi karani kipato, na bado mzazi akamtakia mwanawe ukarani. Elimu? Fundi wa injini naye amesoma, tena kwa miaka. Nadhani tunasifu usafi, na kwa usafi nakusudia umbali: mtu kurudi nyumbani jioni bila kazi kuacha alama nguoni wala mwilini.

Wamarekani waliiweka sifa hiyo shingoni, wakawaita makarani, wahasibu na mameneja watu wa kola nyeupe. Mwaka 1919 mwandishi wao Upton Sinclair aliandika juu ya makarani wa mishahara midogo waliojihesabu upande wa matajiri kwa sababu tu ya kola hiyo.

Lakini nani aliifanya iwe nyeupe? Mji wa Troy, jimbo la New York, uliishi kwa kola. Husimuliwa kwamba mwaka 1827 Hannah Montague alizikata kola za mashati ya mumewe ili afue kola tu, si shati zima. Wazo likawa biashara: karani aliweza kurudia shati lile lile, akabadili kola tu. Nyuma ya karani huyo walisimama wanawake, wengi wahamiaji kutoka Ireland, wakifua kwa maji ya moto, wakitia wanga na kupiga pasi, saa 12 hadi 14 kwa siku. Mwaka 1864 mwenzao Kate Mullany aliwaongoza kugoma, wakaongezewa ujira.

Kwa hiyo umbali wa karani na uchafu ulikuwa jasho la mwingine. Je, heshima yake ni ya uongo? Sidhani. Heshima ni thamani ya mtu inayotambuliwa na wenzake, na anayetunza hesabu kwa uaminifu anaistahili. Ubaya ni kuifanya chache, kana kwamba mmoja haipati mpaka mwingine anyimwe.

Hapa kwetu Tanzania, Rais Nyerere aliliona hilo. Katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alipinga shule inayomfundisha kijana kuwadharau wakulima waliomlea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana. Mashamba yakalimwa. Ila katika shule nyingi jembe likawa pia adhabu ya mtukutu na mchelewaji. Mtoto anayeadhibiwa kwa jembe atamwonaje mzazi anayeishi kwalo?