Upande wa Ndani wa Bomba

Kuna hoja inayosikika sana siku hizi: mashine ikishika kazi, uaminifu wa fundi hauna kazi tena. Eti mashine haichoki, haina haraka ya kurudi nyumbani, haidanganyi. Mimi naona kinyume chake. Hebu tuchukue mfano wa mabomba ya stenlesi yanayopitisha maziwa, bia, au maji ya kutengenezea dawa za sindano.

Mabomba haya mara nyingi huchomelewa kwa mashine ya kuzunguka. Bomba limetulia, ncha ya tungsteni inalizunguka na kuyeyusha kingo mbili zishikane. Ampea na mwendo vimeshapangwa kwenye programu. Ndani ya bomba hupitishwa gesi ya argoni ili isukume hewa itoke. Fundi asiposubiri hewa iishe, oksijeni hukidaka chuma kikiwa moto. Ndani panageuka bluu, na hali ikiwa mbaya panakuwa peusi na chengachenga kama sukari iliyoungua. Kromiamu, ambayo ndiyo kinga ya stenlesi, hupungua kwenye ngozi ya chuma mahali hapo. Kutu huanzia hapo, na vijidudu hupata pa kujificha.

Sasa, kwa nje kiungo hichohicho kinaweza kung'aa vizuri tu. Kumbukumbu za mashine zitaonyesha ampea sawa, mwendo sawa. Zote ni kweli, ila hazisemi kama mtu alisubiri.

Chukua tatizo jingine. Vipande viwili vya stenlesi ya 316L, kimoja kina salfa asilimia 0.001, kingine 0.015. Kwa macho ni ndugu pacha. Ukivichomelea pamoja, chuma kilichoyeyuka huvutwa kuelekea kipande chenye salfa kidogo, na mshono unakwenda kombo. Fundi anaweza kuongeza ampea mpaka kiungo kipite ukaguzi. Anaweza pia kusimama na kuuliza: vipande hivi vimetoka wapi, vyeti vyake vinasema nini? Kuongeza ampea si dhambi. Tofauti iko kwenye nia: unatafuta sababu, au unatafuta kupita?

Mtu atasema dawa ni ukaguzi. Kweli, ipo kamera nyembamba ya kuingiza ndani ya bomba, lakini mara nyingi haipitishwi kwenye viungo vyote. Na hata ikipitishwa, anayeitazama ni mtu, naye anaweza kufumba macho. Ukaguzi unausogeza uaminifu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hauuondoi.

Ndiyo maana nasema mashine haikupunguza deni la fundi. Imelihamishia kwenye dakika chache kabla ya kubonyeza kitufe: kukata kingo sawa, kusafisha, kusoma cheti, kusubiri gesi. Deni hilo ni la mgonjwa na mnywa maziwa ambao hawatalijua jina lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeumbuka na anayeumia si lazima wawe mtu mmoja. Hilo ndilo linalonitisha.

Wala tusimtwishe fundi peke yake. Bosi anayehesabu viungo vya siku bila kuhesabu dakika za kusubiri argoni, ameshaamua ndani ya bomba pataonekanaje.